Babu, Nilikata Kicheko Chako

Babu,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno halafu nikangoja, kama mjinga, uniitikie. Ulikuwa unaitikia hata ukiwa umebana sindano mdomoni.

Leo ni Alhamisi asubuhi. Niko kwa kibaraza cha nyumba yetu hapa Nairobi, Mbotela, pale pale ulikuwa unashonea magodoro ya sufi. Jumamosi nafaa kuwa Mkunguni, mbele ya kamati ya mashamba, niulizwe kama kile nilichoandika kwa ramani yangu ni kweli. Nikisema ni kweli, Mama Dama wa kina Kenga anatolewa kwa nyumba aliyozaliwa. Nikisema si kweli, pengine ni Shangazi Rukia ndiye atatolewa kwa yetu ya kule. Babu, naogopa. Naogopa mpaka chai haishuki. Nimeipasha mara mbili na bado iko hapa inaniangalia.

Wacha nikuambie yote, na usinikemee eti naruka-ruka. Najua naruka. Nitajaribu.

Ulipoenda, hii nyumba ilinishinda kukaa. Mama Atieno wa mlango wa pili ndiye alikuja akafagia sufi zote zilizobaki chini ya meza yako, akazitia kwa gunia, akaniambia, "Usitupe, siku moja utataka kulalia kitu cha babu yako." Nilikuwa natoka saa mbili kwenda kazi mtaa wa Tena, kwa saiba, lile duka la intaneti, kutolea watu makaratasi na kurekebisha simu, na jioni sitaki kurudi. Sasa nikawa nabaki kwa kompyuta. Na si unanijua. Mimi siwezi kukaa mbele ya kitu bila kukifungua nione ndani kuko aje. Ndio nikajifunza kuchora ramani. Hakuna mtu alinifundisha, Babu! Unaangalia picha ya ardhi imepigwa kutoka juu, halafu unafuata mstari wa kila nyumba, kila njia, unaandika majina. Basi. Nikajiuliza, nichore wapi? Mbotela watu wameshachora. Nikachora kwenu.

Nimefika Mkunguni mara moja tu nikiwa na miaka saba, lakini nilipofungua ile picha nilijua kila kitu. Nakuapia. Kwa sababu ulikuwa umenichorea hapa hapa kwa sakafu, na chaki yako ya kukatia kitambaa. Mkono wa bahari ulikuwa unauanzia hapa kwa mguu wa meza, unaupinda, unasema, "Hapa maji yanaingia, hapa yanachoka." Daraja. Halafu barabara kubwa ya kwenda Malindi, inakata mji mara mbili kama kisu kwenye mkate. Upande wa juu machimbo ya mawe, kule Wakamba walikuja kukata matofali ya matumbawe wakakaa. Katikati, vyumba vya kupanga vya Waluhya na Wajaluo waliokuja kufanya kazi kiwandani. Njia panda, maduka ya Waarabu wa Kishihiri. Upande wa chini msikiti wa zamani usio na paa, visima, na nyumba za watu wenu na za Wagiriama, zimechanganyika mpaka huwezi jua ua wa nani unaishia wapi. Ulikuwa unasema Mkunguni si kijiji na si mji, ni mahali Mombasa inakwenda kulala ikichoka.

Na ulinieleza yale mambo ambayo watu wa huku Nairobi hawaelewi kabisa. Eti kule mtu anaweza kuwa na nyumba na udongo ulio chini yake si wake. Mnazi wa huyu, shamba la yule. Nikakuuliza, sasa kivuli ni cha nani? Ukacheka ukasema kivuli ni cha aliyechoka.

Sauti yako nilikuwa nayo kwa simu. Zile siku ulikuwa unashona huku unaniambia nyumba baada ya nyumba, kila familia ilitoka wapi, ilikuja na nini. Nikakaa na sauti zako wiki nyingi, nikaandika maelezo madogo kwa kila nyumba kwenye ramani. Nikaandika Kiswahili cha vitabu, kile ulikuwa unaniambia nikiongea Sheng, "Hebu sema Kiswahili cha watu, mke wangu." Nikaituma kwa grupu ya familia. Babu, nilijiskia mtu wa maana! Ikasambaa. Watu wa Mkunguni wenyewe wakaanza kuitumiana. Mama mmoja nisiyemjua alinipigia akilia, eti ameona kisima cha nyanya yake kina jina. Nikaruka-ruka hapa nyumbani peke yangu, nikaenda kumwonyesha Mama Atieno, akaniambia, "Ai, wewe ni profesa wa nani?"

Halafu wapimaji wakaja Mkunguni.

Wanapima upande wa chini wote, watu wapewe hatimiliki. Unakumbuka mliingoja hiyo karatasi maisha yenu yote. Sasa imefika, na kamati inauliza kila boma: nyinyi ni wenyeji ama wageni? Mlipewa na nani? Na karatasi hakuna mtu anayo. Watu wanabeba picha za harusi, wanaonyesha makaburi. Ami Twaha yeye akabeba ramani yangu. Ameichapisha kubwa, ameifunika plastiki. Alinipigia akiwa na furaha sijawahi kumsikia nayo. "Mwanangu, umetuokoa. Umeandika wazi kabisa, boma la kina Kenga ni wageni, waliazimwa na sisi. Kwa hivyo pande zote mbili za kisima ni zetu."

Nikasema, "Ami, niliandika hivyo?"

Niliandika hivyo. Nimekwenda nikasoma. "Boma la kina Kenga: wageni. Waliazimwa kiwanja na familia yetu." Kavu hivyo. Kama mtu wa serikali.

Sasa acha nikuambie ulichosema wewe, kwa sababu nimesikiliza tena, na tena, na tena. Ulisema: "Hao kina Kenga? Wageni hao! Wageni wangu. Nimewaazima tu pale, mpaka siku watakapojua kupika wali usioshikana." Halafu ukacheka. Ukacheka mpaka ukakohoa, mpaka uzi ukakutoka sindanoni, ukaniambia nikutungie tena.

Nilikata kicheko, Babu. Nilikata wali. Nilibakisha wageni na kuazima.

Na sitakudanganya eti sikujua. Nilijua ni mchezo. Lakini nilikuwa nataka ile ramani ikae kama kitu cha watu waliosoma. Historia haichekwi, nilifikiri. Nilikuwa naogopa mtu aseme, huyu msichana wa saiba ameandika porojo. Kumbe wewe na Mzee Kenga mlikuwa watani, na watani wanasemana hivyo miaka yote, mbele ya watu, na kila mtu wa pale anajua. Mimi wa Mbotela ndiye sikujua uzito wake. Na bado, ni vile gani sikujua? Wewe uliniita mke wangu tangu nizaliwe. Mbona sikuandika kwenye ramani kwamba mimi ni mke wako?

Tena nilionyeshwa. Siku ya tatu ya msiba wako, wanawake wamejaa hapa ndani, Kurani imesomwa, mara Mama Dama, binti wa Mzee Kenga, akaingia kutoka safari, na mzigo wake kichwani, hakusalimia mtu. Akasimama katikati akapiga kelele, "Huyu mwivi amekufa kweli? Nani sasa atanilipa kuku wa babangu? Haondoki mtu hapa!" Akajilaza kwenye godoro lako, kiatu na vyote. Mimi nilishikwa na hasira, nikataka kumtoa. Mama Atieno pia alisimama kunisaidia, kwao hakuna kitu kama hicho. Shangazi Rukia akanishika mkono akasema, "Mwache, ana haki." Wanawake wote wa pwani walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka. Halafu nikamwona Mama Dama, uso kwenye mto wako, mabega yanatetemeka. Alikuwa ndiye aliyekulilia kuliko sisi wote. Nilimwona kwa macho yangu. Halafu nikaenda nikaandika "wageni".

Sasa Mkunguni imeharibika. Shangazi ananiambia kwa simu, kwa sauti ndogo, kama kuna mtu mlangoni. Watoto wanaulizana shuleni, "Nyinyi mmeandikwa mlitoka wapi?" Duka la Mkamba wa kule juu limeandikwa MGENI kwa chaki, na yeye amezaliwa pale, na baba yake amezaliwa pale. Shihiri wa njia panda amefunga mapema siku tatu. Nikafungua ramani nikasoma nyumba zote, moja moja. Walikuja kutoka Ukambani. Walikuja kutoka visiwani. Walikuja kutoka Kaloleni. Walikuja, walikuja, walikuja. Babu, ni nyumba moja tu sikuandika "walikuja". Yetu.

Nimeifuta ile ramani. Haisaidii. Watu walishaipiga picha. Jumanne nilipata ujumbe kwa namba siijui: "Mchora ramani, karibu Mkunguni, tukuchore na wewe." Nilikuwa kwa saiba, saa nane mchana, watu wamejaa. Nikamtolea mteja makaratasi ya mtu mwingine. Tangu hiyo siku simu ikilia naruka.

Na bado sijafika kwa ile kitu inanitisha kabisa.

Ile sauti yako haikuishia kwa kikohozi. Uliendelea. Nilikuwa nimesahau, ama nilijisahaulisha. Nilikutungia sindano, ukavuta uzi, ukasema polepole, bila mchezo sasa: "Kusema kweli, mke wangu, sisi ndio tulipewa. Baba yangu alishuka pale na mkeka na mtoto mgonjwa. Babake Kenga akamwambia, kaa upande huu wa kisima. Hakuandika kitu. Nani angeandika?" Halafu ukanituma soda.

Sisi ndio tulipewa. Imo kwa simu yangu. Sauti yako, wazi, hata mashine ya jirani inasikika nyuma.

Nilimpigia Ami Twaha. Nilifikiri akisikia ataachana na hiyo maneno. Nikamchezea sauti yako. Halafu akasema, "Futa." Nikasema, Ami, ni sauti ya Babu. Akasema, "Babu yako alikuwa mzee, alikuwa anachanganya mambo. Futa, mwanangu." Nikakataa. Basi akabadilika. "Ukiicheza hiyo mbele ya kamati, watasema hata sisi hatuna haki. Rukia haoni jicho moja, miguu imevimba. Utamlaza wapi? Hapo kwa kibaraza chako Mbotela? Wewe una kwenu Nairobi. Unaweza kuwa mkweli, halafu ukapanda basi ukarudi."

Hiyo ilinikata, kwa sababu si uongo. Mimi nitarudi. Wao watabaki pale na kile nilichofanya mimi.

Mwisho akasema nikithubutu nisikanyage kwake tena, wala nisimwite ami.

Nikampigia Shangazi mwenyewe. Ni nyumba yake, si yangu. Nikamchezea yote kwa simu, mpaka mwisho. Akasema, "Ni yeye. Hata alivyovuta uzi ni yeye." Nikamuuliza, Shangazi, nifanye nini? Akasema, "Mimi na Dama tunachota kisima kimoja tangu tuna meno ya utoto. Na mimi sina pengine pa kulala. Usiniulize mimi, Maimuna. Usiniweke hapo." Akakata. Sijawahi kumsikia shangazi akiogopa. Yule aliyefukuza nyoka jikoni na mwiko.

Kwa hivyo hakuna mtu wa kunishika mkono. Wewe ungejua. Ungeweka sindano chini, ungesema kitu cha kijinga cha kunichekesha, halafu katikati ya ujinga jibu lingekuwa mle ndani. Nimejaribu kuwaza ungesema nini na nasikia mashine tu.

Jana jioni nikampigia Mama Dama. Nilikuwa sijaongea naye tangu haya yote yaanze. Aibu. Simu ikalia, ikalia, nikaomba asichukue. Akachukua. Nikamsalimu, nikaanza kueleza mbio mbio vile naongea, eti nilikata maneno, eti nina sauti yote, eti nisamehe. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Weye mgeni. Ukija Jumamosi usiingie kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele ni wa wenyeji." Akakata.

Babu, sikujua kama anatania ama anamaanisha. Nilikaa na simu mkononi nikirudia yale maneno, kwa sauti ya kucheka, kwa sauti ya hasira, kwa sauti ya kucheka. Yanatoshea zote mbili. Wewe ungejua kabla hajamaliza. Mimi sina hilo sikio. Kama alikuwa ananitania, basi bado tuko watani, na nyumba mbili bado ni mbili na kisima kimoja. Kama alikuwa anamaanisha, basi mimi ndiye nimeua kitu kilichodumu tangu babake Kenga na babako. Na sitajua mpaka nifike pale mlangoni na kumwangalia usoni.

Nimeamua, Babu. Sitangoja Jumamosi, kwa sababu najijua. Nikifika kule, Ami amekaa mbele, Shangazi amefunika uso, nitasema naumwa na koo. Kwa hivyo nimefanya sasa hivi, kabla ya sentensi hii. Nimetuma sauti yako kwa grupu ya familia na kwa katibu wa kamati na kwa Mama Dama. Yote. Wageni, wali, kicheko, kikohozi, na ile ya mwisho. Nikaandika chini: "Hivi ndivyo Babu alisema. Nilichoandika mimi kwenye ramani nilikikatakata, na kosa ni langu. Jumamosi nitakuja kusema hivyo kwa mdomo."

Wameanza kusikiliza. Naona majina yanajitokeza moja moja.

Sijui kamati itasema nini. Pengine watasema tulipewa, basi ni yetu. Pengine watasema tulipewa, basi turudishe. Nimeulizia kwa watu wanaojua sheria, kila mmoja ana jibu lake. Lakini nakuahidi mambo haya. Nitaenda. Nitasimama na nitaiacha sauti yako iende mpaka mwisho, hata wakinipigia kelele nizime. Na kama Shangazi Rukia atatolewa pale kwa sababu yangu, atakuja kukaa hapa na mimi, na si kwa kibaraza. Kitanda chako ni chake, na mimi nitalala chini, na nitamsomea, na nitamvumilia akinikemea kila siku ya maisha yake. Sitapanda basi nikamwacha. Hiyo siombi mtu aniamini, ila wewe.

Lala salama, mume wangu. Ona, leo nimekuita hivyo mwenyewe, ulikuwa unanibembeleza niseme nikakataa kila siku. Mungu akupanulie ulipo. Mimi mjukuu wako, nimekosea, na nakupenda sana.

Simu inalia. Ni Ami Twaha.

Nachukua.

Maimuna